Safari: Neno la Kiingereza Lililobebwa na Wapagazi wa Unyamwezi

Miongoni mwa maneno ya Kiswahili yaliyoingia katika Kiingereza, hakuna lililoenea duniani kama safari, na pengine hakuna ambalo asili yake husimuliwa kwa wepesi zaidi. Maelezo yanayokubalika na wengi, yawe ya mtunga kamusi, ya mwalimu wa darasani au ya mwongoza watalii, yana hatua tatu: kwamba neno hilo ni la Kiarabu, limetokana na safar, yaani mwendo wa kutoka mahali kwenda pengine, kwamba Waswahili wa pwani walilipokea wakalitumia kwa maana hiyo hiyo, na kwamba Waingereza walilichukua katika karne ya 19, wakalipotosha, wakalifanya jina la kuwinda na baadaye jina la kutazama wanyama kutoka ndani ya gari. Kwa maelezo hayo neno hili lina wahusika wawili wakubwa, Mwarabu aliyelitoa na Mwingereza aliyeliharibu, na katikati yao yumo Mswahili ambaye kazi yake yote ilikuwa kulipitisha.

Makala haya yanadai kwamba maelezo hayo yana kasoro katika kila hatua, na kwamba kasoro zenyewe si ndogo, kwa sababu zinamfuta katika historia mtu ambaye bila yeye Kiingereza kisingekuwa na neno hilo. Maana ambayo safari iliingia nayo katika Kiingereza ilitengenezwa kwenye barabara ya kati, njia ya misafara iliyoondoka Bagamoyo na Saadani, ikapanda Usagara, ikavuka Ugogo, ikafika Unyanyembe ulipo mji wa Tabora wa leo, kisha ikagawanyika: tawi moja likaenda magharibi hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na jingine likageuka kaskazini, likapita katika nchi ambayo leo ni wilaya ya Nzega, kuelekea Usukuma na Ziwa Viktoria. Waliotengeneza maana hiyo ni wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo kwa mabega na vichwa, ambao kwenye barabara hiyo wengi wao, na walio mashuhuri kuliko wote, walikuwa Wanyamwezi.

Hatua ya kwanza, ile ya Kiarabu, inahitaji kupimwa kwa makini, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa imara zaidi. Hakuna anayeweza kukana kwamba umbo la neno limetoka katika Kiarabu, pamoja na ndugu zake kusafiri na msafiri. Hata hivyo umbo la neno na maana ya neno ni mambo mawili, na asili ya la kwanza haithibitishi asili ya la pili. Katika Kiarabu cha kawaida safar ni tendo la kusafiri, ilhali kundi la watu, wanyama na mizigo linalosafiri pamoja lina jina lake lingine, nalo ni qafila. Waingereza nao walikuwa na jina la kundi la namna hiyo, karavani, lenye asili ya Kiajemi, ambalo walikuwa wamelizoea kwa karne kadhaa kabla ya yeyote kati yao kukanyaga Unyamwezi. Kama lililohitajika lilikuwa jina la msafara tu, Waarabu walikuwa na lao na Waingereza walikuwa na lao. Kilichotokea kwenye njia ya bara ni kwamba safari yenyewe ilijitwalia maana ya pili: mtu aliposema kuwa safari ya tajiri fulani imefika, hakukusudia mwendo wa tajiri huyo, bali watu wake wote, mizigo yao, bunduki zao na chungu zao. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa na wamisionari katika karne ya 19 ziliandika maana hizo mbili bega kwa bega, mwendo na msafara, na watunzi wake hawakuona ajabu yoyote, kwa kuwa ndivyo walivyosikia watu wakisema.

Kiingereza kilichukua ile maana ya pili. Mpelelezi Richard Burton, ambaye maandishi yake ya mwaka 1859 na 1860 ndiyo hutajwa kwa kawaida kuwa ushahidi wa mwanzo wa neno hili katika Kiingereza, aliingia Kazeh, jina la wakati huo la makazi ya wafanyabiashara huko Unyanyembe, tarehe 7 Novemba 1857, akiwa na John Hanning Speke, siku 134 baada ya kuondoka pwani. Alipoliandika neno hilo, alikuwa akizungumzia kitu chenye watu wanaoweza kuhesabiwa, kulishwa, kulipwa na kuchoka. Hakukusudia mwendo wowote ule, wala hakukusudia uwindaji. Kwa hiyo anayedai kwamba Waingereza walilichukua neno lenye maana pana ya kusafiri wakalibana liwe uwindaji anaruka miaka takriban hamsini, ambamo neno hilo, lilipoandikwa kwa Kiingereza, kwa kawaida lilikuwa na maana ile ile iliyotumiwa na wachukuzi wenyewe kwenye barabara ya kati.

Likithibitika hilo, swali la haki ni jingine kabisa: maana hiyo ya pili ilipata wapi mwili wake? Jibu linaanzia kabla ya tajiri yeyote wa pwani kufika Tabora. Wanyamwezi na jirani zao Wasumbwa walikuwa na mtandao wa biashara wa ndani ya bara uliowazoeza kutembea majuma mengi mbali na nyumbani: chumvi ya Uvinza ilisafirishwa mashariki na kaskazini, majembe ya chuma ya Usumbwa yalifika mbali na viwanda vyake, na mifugo, ngozi na nafaka zilibadilishwa njiani. Kufikia karibu mwaka 1800, Wanyamwezi walikuwa wamekwisha kufika pwani wakiwa na pembe za ndovu, wakiongozwa na watu wao wenyewe. Wafanyabiashara wa pwani walianza kwenda upande wa pili miongo kadhaa baadaye; mwaka 1831 Lief bin Said alifika Ziwa Tanganyika, na Kazeh ilikua kuwa makazi ya kudumu ya Waarabu na Wahindi mnamo mwaka 1852. Kwa maneno mengine, njia waliyoifuata ilikuwa imekwisha kufunguliwa na wenyeji, na waliowaonyesha visima, vivuko na mahali pa kununua chakula walikuwa watu waliokwisha kuipita mara nyingi.

Uwezo huo haukuwa wa kuelekea pwani pekee. Katikati ya karne ya 19 Msiri, aliyetoka katika nchi ya Wasumbwa, magharibi mwa Unyamwezi, alijijengea dola huko Katanga iliyodumu mpaka alipouawa mwezi Desemba 1891, na jina la watu wake, Wayeke, linatokana na jina la chama cha wawindaji wa tembo walichokuwa nacho kwao. Dola hiyo ilitegemea biashara ya shaba, pembe, chumvi na watumwa iliyovuka mamia ya kilomita, na haikuanzishwa na Mwarabu wala Mzungu. Anayesema kwamba watu wa Unyamwezi walijifunza safari kutoka kwa wageni anatakiwa kueleza waliwezaje kufika Katanga na pwani bila walimu hao.

Hapa ndipo nchi ya Nzega inapostahili kutajwa kwa jina, ingawa vitabu vingi huipita kimya. Mji wa Nzega, ulioko takriban kilomita 115 kaskazini mwa Tabora, leo unajulikana zaidi kama njia panda ya magari yanayotoka Singida, Tabora na Shinyanga. Katika karne ya 19 haukuwa na jina kama Kwihara, kitongoji cha Unyanyembe alikokaa David Livingstone mwaka 1872, wala kama Ujiji. Umuhimu wa nchi hiyo ulikuwa wa aina nyingine: ilikuwa shina la watu. Vijiji vya upande huo vilitoa wapagazi, na njia ya kaskazini ilipita katikati yake. Ndiyo iliyomchukua Speke kutoka Kazeh mwezi Julai 1858 hadi akaliona ziwa kubwa la kaskazini mapema mwezi Agosti. Usongo, nchi ya mtemi Mtinginya iliyokuja kuwa chini ya wilaya ya Nzega wakati wa ukoloni, ndiko alikojikita Charles Stokes, mzaliwa wa Ireland aliyeacha umisionari katika miaka ya 1880 akawa mfanyabiashara wa pembe. Stokes alimwoa Limi, mwanamke wa ukoo wa mtemi, na kwa ujamaa huo akapata kitu ambacho fedha peke yake haikuweza kumpatia, yaani wapagazi kwa mamia na maelfu, mpaka aliponyongwa na ofisa wa Dola ya Kongo mwezi Januari 1895. Mzungu huyo alielewa jambo ambalo wasimulizi wa asili ya neno safari hawalielewi: ili mtu awe na safari, ilimlazimu kwanza akubaliwe na Wanyamwezi.

Muundo wa safari yenyewe unathibitisha zaidi. Mbele alitembea kirangozi, yaani kiongozi wa njia, na ilikuwa mwiko mpagazi yeyote kumtangulia. Aliyethubutu alitozwa faini, mshale ukachomolewa katika podo lake mpaka aukomboe. Nyuma yake walifuata wabeba pembe, wabeba nguo na shanga, na wabeba vyombo, kila mmoja akiwa na mzigo ambao kwa kawaida ulikuwa kama frasila mbili, yaani zaidi kidogo ya kilo 30, mbali na silaha yake, chungu chake na mkeka wake. Wanyapara, yaani wasimamizi wa makundi, walisemea watu wao mbele ya tajiri. Wapagazi walijigawa katika makundi madogo ya kupika na kula pamoja, wakajenga kambi yao jioni, na asubuhi wakapima wenyewe kama siku hiyo inafaa kutembea au kupumzika. Posho, yaani chakula cha njiani au nguo za kununulia chakula hicho, ilikuwa haki iliyojulikana kiwango chake, na tajiri aliyeipunja alikuta mizigo imelazwa chini na watu wamegoma au wametoweka usiku. Hongo, yaani ushuru uliotozwa na watawala wa nchi zilizopitiwa, ilijadiliwa kwa taratibu ambazo mgeni alizikuta tayari. Majira ya kuondoka nayo yalifuata kalenda ya mkulima: wengi walishuka pwani baada ya mavuno na kurudi kabla ya mvua, na tajiri aliyetaka kuajiri nje ya majira hayo alipata shida, kama alivyopata Burton, aliyekosa wapagazi wa kutosha akalazimika kununua punda.

Mtu akiyatazama hayo yote ataona kwamba kila kiungo cha kile ambacho Kiingereza kimekiita safari, tangu karne ya 19 hadi leo, kimo humo: kiongozi anayeijua nchi, kambi inayohamishwa, chakula kinachobebwa, watu wa kuajiriwa wenye kazi zilizogawanywa, ruhusa ya kupita inayolipiwa, na majira maalumu ya mwaka. Mwarabu hakuileta taratibu hiyo kutoka Oman, kwa kuwa misafara ya huko iliendeshwa kwa ngamia, na mfumo wa ngamia hauna mpagazi anayejadili mshahara. Mwingereza naye hakuibuni, kwa kuwa alipofika alilazimika kujiunga nayo kama ilivyo.

Ushahidi ulio mzito kuliko wote ni ule wa mwaka 1873. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, watu wake, wakiongozwa na Chuma na Susi, waliukausha mwili wake, wakaufunga kama mzigo na kuubeba hadi Bagamoyo, ambako walifika mwezi Februari 1874, baada ya takriban miezi tisa. Walipopita Unyanyembe walikutana na Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la maji la Uingereza, aliyewashauri wamzike palepale; wakakataa, wakaendelea. Katika miezi hiyo safari haikuwa na tajiri wala bwana aliye hai, lakini ilikuwa na kiongozi, kambi, posho, mashauri na uamuzi. Kitu kinachoendelea kuwa safari baada ya mwenye mali kufa hakiwezi kuwa kilitoka kwa mwenye mali.

Wapinzani wa hoja hii wana majibu matatu yenye uzito, na yanastahili kujibiwa moja baada ya jingine. La kwanza linatoka kwa Burton mwenyewe. Aliigawa misafara katika aina tatu, yaani ile ya Wanyamwezi wenyewe, ile iliyoongozwa na Waswahili huru au mafundi, ambao walikuwa mawakala wa matajiri wa pwani, na ile iliyoamriwa na Waarabu wenyewe. Na katika sentensi inayonukuliwa mara nyingi, neno safari linaihusu aina ya pili, ambayo anaitofautisha na zile mbili nyingine. Kutokana na hilo inadaiwa kwamba safari lilikuwa jina la misafara ya watu wa pwani, na kwamba Mnyamwezi hana fungu lake humo. Dai hilo linachanganya uongozi na utendaji. Mgawanyo wa Burton ni wa nani aliyeamuru na jinsi wachukuzi walivyotunzwa; haukuwa mgawanyo wa nani aliyebeba. Katika aina zote tatu mizigo ya barabara ya kati ilibebwa kwa sehemu kubwa na Wanyamwezi, kwa kufuata desturi zilizoelezwa hapo juu. Zaidi ya hayo, aina ile ya pili ndiyo hasa iliyomchanganya Mswahili na Mnyamwezi katika kundi moja, lenye lugha moja ya amri na majadiliano, kwa hiyo si ajabu kwamba jina la Kiswahili lilishika hapo kwanza.

Jibu la pili ni la lugha. Mnyamwezi, husemwa, alikuwa na neno lake, lugendo, lenye maana ya mwendo au safari na lenye undugu wa karibu na kitenzi cha Kiswahili kwenda. Kwa hiyo safari si lake. Ni kweli kwamba lugendo ni lake na safari ni la Kiswahili. Lakini katika karne ya 19 Mnyamwezi wa barabarani alikuwa mzungumzaji wa Kiswahili, na bila shaka alikuwa miongoni mwa waliokisambaza kwa nguvu zaidi kuliko msomi yeyote wa pwani. Makadirio yanayorudiwa na wanahistoria ni kwamba kufikia mwisho wa karne hiyo watu wapatao 100,000 walipita kwenye barabara ya kati kila mwaka wakiwa wachukuzi. Umati wa namna hiyo haupokei lugha na kuiacha kama ulivyoikuta. Uliingiza ndani ya neno la Kiswahili mambo yote yaliyokuwamo ndani ya lugendo, na neno likatoka barabarani likiwa na mzigo mkubwa kuliko lile lililoingia kutoka pwani. Kiswahili cha bara kina haki sawa na Kiswahili cha Unguja au Lamu, na maana iliyozaliwa Tabora au Nzega ni maana ya Kiswahili kamili.

Jibu la tatu ndilo linalogusa moyo zaidi, nalo ni la utumwa. Wengi wanapoifikiria barabara ya kati huona mbele yao minyororo, na huuliza kama si dhambi kuisifu safari iliyowabeba watumwa. Utumwa ulikuwapo, na makala haya hayana nia ya kuuficha: watumwa walipelekwa pwani kwa njia hiyo, watemi na wafanyabiashara wa Kinyamwezi walishiriki katika kuwauza na kuwanunua, na katika Unyamwezi kwenyewe watumwa walilima mashamba ambayo wenye mashamba hayo waliyaacha walipokuwa njiani. Yote hayo yanapaswa kusemwa waziwazi. Lakini ni kosa la kihistoria kumgeuza kila aliyebeba mzigo kuwa mtumwa. Mwanahistoria Stephen Rockel, katika kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu wachukuzi wa Afrika Mashariki, ameonyesha kwa ushahidi mwingi kwamba wapagazi wa Kinyamwezi walikuwa wafanyakazi wa mshahara wenye ujuzi, fahari na kanuni za kazi, waliojadili malipo, waliogoma, na ambao mara nyingine waliongozana na wake zao. Wanaowaita wote watumwa hudhani wanawahurumia, kumbe wanawanyang'anya kazi yao mara ya pili, na zaidi ya hilo wanafuta tofauti iliyokuwapo kati yao na wale waliofungwa kweli, ambao mateso yao yanastahili kutajwa kwa jina lake.

Baada ya majibu hayo, historia ya baadaye ya neno hilo katika Kiingereza inaonekana kwa sura nyingine. Ujenzi wa reli kutoka Mombasa hadi Kisumu kati ya mwaka 1896 na 1901 uliigeuza Nairobi kuwa mlango mpya wa bara, na matajiri wa Ulaya na Marekani wakaanza kuja kuwinda. Kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi ilijipatia jina kwa kuwaandalia msafara mzima, na Theodore Roosevelt, aliyetoka tu katika urais wa Marekani, alitembea kwa mtindo huo tangu alipotua Mombasa mwezi Aprili 1909 hadi alipofika Khartoum mwezi Machi 1910, akiwa na wapagazi zaidi ya 200, kisha akaandika kitabu kilichosomwa na umma mkubwa. Neno safari likajulikana katika nyumba za watu ambao hawakuwahi kusikia jina la Tabora. Hata hivyo kitu kilichoitwa kwa jina hilo kilikuwa bado ni kile kile cha barabara ya kati kwa muundo wake wote, kuanzia wanyapara hadi posho. Kilichobadilika ni shabaha, kwani pembe zilizokuwa bidhaa sasa zilikuwa mapambo ya ukutani.

Mabadiliko makubwa yalikuja na gari. Kuanzia miaka ya 1920 malori yalichukua nafasi ya mabega, na mpagazi akatoweka kwanza katika picha, kisha katika maana. Mwandishi Ernest Hemingway aliwinda Tanganyika mwaka 1933 na 1934 kwa magari, na kitabu alichokitoa mwaka 1935 kilikoleza taswira ya safari kuwa habari ya mwindaji na mnyama. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia kamera ilianza kushindana na bunduki. Serengeti ikatangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na Kenya ikapiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kiingereza kikaendelea kuligawa neno hilo kwa koti la mifuko mingi, kwa mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953, na mwaka 2003 kwa programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Ukiufuata mfululizo huo hatua kwa hatua, huoni mahali ambapo Mwingereza alichukua maana pana akaibana kwa ujinga. Unaona kundi la watu likipunguzwa mmoja mmoja: kwanza wachukuzi, kisha kirangozi, kisha kambi, mpaka neno likabaki na anayetazama na anayetazamwa. Hilo ndilo kosa la kweli la Kiingereza, na ni kosa la kuwasahau watu.

Kiswahili kilifanya kinyume chake, na mfano wake uko wazi katikati ya Dar es Salaam. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, vilivyoufikia mji wa Tabora ulipotekwa na majeshi ya Wabelgiji mwezi Septemba 1916, Waingereza waliwaandikisha wachukuzi kwa wingi wa kutisha, na makumi ya maelfu walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Jina la Kiingereza la kikosi chao, Carrier Corps, liligeuka katika vinywa vya watu likawa Kariakoo, na hadi leo soko kubwa la nchi linaitwa hivyo, kama ulivyo mtaa wenye jina linalofanana na hilo jijini Nairobi. Kiingereza kilipokea neno la Kiswahili kikamtoa mpagazi ndani yake. Kiswahili kilipokea neno la Kiingereza lililokuwa na mpagazi ndani yake, kikamhifadhi, ingawa wengi wanaolitaja kila siku hawamkumbuki. Tofauti hiyo inaonyesha jinsi kumbukumbu ya kazi ilivyokaa zaidi kwa wale walioifanya.

Haifuati kutokana na hayo kwamba Waswahili hawana la kujirekebisha. Tuhuma ya upotoshaji inayoelekezwa kwa Waingereza hudhani kwamba Kiswahili kimebaki palepale, jambo ambalo si kweli. Leo mtu husema safari hii akikusudia mara hii, matumizi yasiyo na mwendo wowote ndani yake. Hongo, iliyokuwa ushuru wa wazi wa mwenye nchi, imekuwa jina la rushwa. Mnyapara amebaki katika magereza na kwenye vibarua. Posho ya mpagazi imekuwa malipo ya mtumishi wa umma anayetumwa nje ya kituo chake, na fungu la maneno posho ya safari, linaloandikwa katika fomu za ofisi za halmashauri pote nchini, ni kumbukumbu kamili ya barabara ya kati, inayotiwa saini kila siku na watu wasioijua historia yake. Maana ya safari kuwa msafara imehamia kwenye neno msafara, na chini ya neno safari lenyewe imefifia katika masikio ya vijana, kiasi kwamba wanapoikuta katika maandishi ya zamani, kama yale yaliyokusanywa katika kitabu cha Safari za Wasuaheli cha mwaka 1901, huweza kuisoma kimakosa. Kwa hiyo lugha zote mbili zimeondoka barabarani, kila moja kwa njia yake, na hakuna iliyo na haki ya kujiita mlinzi pekee wa maana ya asili.

Jambo hili lina matokeo nje ya kamusi. Katika biashara ya utalii ya Tanzania, safari imekuwa mali ya Arusha na mbuga za kaskazini, na mkoa wa Tabora huhesabiwa kuwa nchi ya kupita tu. Hata juhudi za kuihifadhi barabara ya kati zimeathiriwa na mtazamo ule ule: mwaka 2006 Tanzania iliiwasilisha UNESCO njia hiyo, kuanzia Bagamoyo, kupitia Mpwapwa na Kwihara, hadi Ujiji, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia, kwa jina la njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Jina hilo linataja bidhaa mbili, moja yao ikiwa ni wanadamu waliogeuzwa bidhaa, wala halimtaji mtu aliyetembea kwa ridhaa yake na kulipwa kwa kutembea. Tembe la Kwihara linakumbukwa kwa ajili ya Livingstone na mwandishi wa habari Stanley waliokaa humo, ilhali Usongo na vijiji vingine vilivyotoa wachukuzi waliowafikisha wageni hao walikokwenda havipewi kumbukumbu kama hiyo.

Marekebisho yanayohitajika ni ya wazi na yako ndani ya uwezo. Watunga kamusi za Kiswahili warudishe maana ya msafara chini ya neno safari, wakiieleza kuwa ya kihistoria na wakitaja barabara ya kati kuwa mahali ilipokomaa. Walimu wa historia na wa Kiswahili katika shule za Nzega, Igunga, Uyui na Tabora waifundishe kuwa mchango wa wazee wa nchi hiyo kwa lugha za dunia, badala ya kuwafundisha watoto kwamba neno lilipita juu ya vichwa vya mababu zao kutoka kwa Mwarabu kwenda kwa Mwingereza. Waandaaji wa utalii, ambao Kilimanjaro wanawategemea hadi leo wapagazi wanaojiita wagumu, watambue kwamba wanaowabebea wageni mizigo ni warithi wa kazi iliyolipa neno hilo maana yake, na kwamba haki zao za ujira na uzito wa mzigo ni suala la kale kuliko kampuni yoyote ya utalii. Na kila anayeulizwa asili ya neno hili la Kiingereza ajibu kikamilifu: umbo lake ni la Kiarabu, lugha iliyolipitisha ni Kiswahili, aliyeliandika mapema kwa Kiingereza ni Burton, na waliolipa maana ni wapagazi wa barabara ya kati, Wanyamwezi wakiwa mbele yao. Jibu linaloacha sehemu hiyo ya mwisho ni jibu pungufu, hata likiwa limechapishwa katika kamusi bora kuliko zote.